Lech, kijiji cha theluji cha matajiri: dhana tulizozoea na hali halisi

"Hicho ni kijiji cha wafalme, mtu kama mimi nitaenda kufanya nini?" Kauli hii huisikii mbali pindi Lech inapotajwa. Lech iko katika milima ya Arlberg, jimbo la Vorarlberg, magharibi mwa Austria. Kweli familia ya kifalme ya Uholanzi huenda huko miaka nenda miaka rudi, na hoteli zake ni za bei kubwa. Lakini waliokianzisha kijiji hiki walikuwa wafugaji wa Kiwalser, waliohama kutoka Valais ya Uswisi katika zama za kati na kuishi kwa ng'ombe na jibini. Milima ya Vorarlberg ilijua njaa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, familia maskini za huko zilikuwa zikiwatuma watoto wao wavuke milima kwa miguu hadi Swabia, kusini mwa Ujerumani, wakafanye vibarua vya mashambani. Lifti ya kwanza ya kuwavuta mlimani watelezaji wa skii nchini Austria ilijengwa mwaka 1937 huko Zürs, jirani na Lech. Utajiri unaouona leo umefika juzi tu.

"Lech ni kimya kwa sababu hakuna watu." Watu wapo, ila wenyeji waliamua mapema kwamba hawataki kijiji kigeuke soko. Waliweka ukomo wa watelezaji kwa siku, takriban 14,000, na wakifika idadi hiyo uuzaji wa tiketi unasimamishwa. Oberlech, kitongoji kilicho juu ya Lech, hakiruhusu magari majira ya baridi. Mizigo ya wageni na vyakula vya hotelini hupita chini kwa chini, kwenye mahandaki. Nyumba nyingi hupashwa joto na mitambo ya pamoja inayochoma vipande vya mbao. Naliheshimu sana jambo hili: kukataa pesa ya leo ili kijiji kibaki kijiji si uamuzi mwepesi.

"Ukipanda huko utakosa pumzi." Kijiji kiko takriban mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya hapo. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam huenda akahisi tofauti kidogo akipanda Rüfikopf, kilele kinachopita mita 2,300, lakini kijijini atapumua vizuri.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii: "Ngozi nyeusi haiungui jua, tena kwenye baridi." Inaungua. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni mwako, kutoka chini, mahali ambapo kofia haikukingi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, huikinga kwa kiasi. Macho yako ni kama ya mtu mwingine yeyote. Ukikaa kutwa bila miwani, jioni utahisi kama umemwagiwa mchanga machoni, hutaki hata kuona taa. Huo ndio upofu wa theluji. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili, lakini maumivu yake ni makali. Nunua miwani kabla ya koti.

"Theluji si mambo yetu." Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Na asiyetaka kuteleza kabisa hakosi la kufanya: kuna njia za kutembea zilizosafishwa theluji, kuna sleji za kushukia kutoka Oberlech. Anayeanza apelekwe shule ya skii, abaki kwenye njia zenye alama ya buluu, ambazo ni rahisi. Nyekundu ni ngumu, nyeusi ni za mabingwa.

"Mahali pa gharama vile, usalama umeshalipiwa." Hapa naomba usikilize. Kinacholindwa ni njia rasmi. Nje ya hapo mlima haujui cheo. Februari 2012, Prince Friso wa Uholanzi alifunikwa na poromoko la theluji hapo Lech akiwa nje ya njia, siku ambayo hatari ya maporomoko ilitangazwa kuwa ya 4 katika kipimo cha 5. Hakuzinduka tena kikamilifu, akafariki Agosti 2013. Anayetaka kutoka nje ya njia awe na kiongozi wa mlima, kifaa cha kutuma mawimbi ili apatikane akifunikwa, koleo la kufukulia na ufito wa kumtafuta mtu chini ya theluji. Bima nayo isomwe: viza ya Schengen inadai bima ya angalau yuro 30,000, lakini hiyo haimaanishi kwamba ajali ya skii au helikopta ya uokoaji imo ndani.

Kuhusu wenyeji kuwa na majivuno: ingia dukani useme "Grüß Gott", salamu ya huko, kama ungebisha hodi kwetu, uone watakavyokuitikia. Asiyekula nguruwe aulize, maana nyama hiyo hutiwa hata kwenye supu. Käsknöpfle, tambi fupi za jibini na vitunguu vya kukaanga, kwa kawaida hazina nyama.

Mwisho, "treni za huko hazichelewi." Treni itakushusha Langen am Arlberg, kisha basi lipande Flexenpass, na barabara hiyo hufungwa theluji inapotishia kuporomoka. Inaweza kufungwa siku unayoondoka. Lala usiku wa mwisho Zürich au Innsbruck, karibu na ndege yako.