Land Rover ya zamani na "ufundi" wa waliokutangulia: watu wanachodhani na ukweli wenyewe

Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha 2024 naona watu wanazidi kufukua Series (zile Land Rover za mwanzo: I, II, IIA na III) zilizolala nyuma ya nyumba za wazee, na ni jambo zuri tu, ila gari ilotoka kiwandani miaka ya sitini au sabini, ikawa ya serikali, ikaenda misheni, ikaishia kubeba mahindi, hiyo sio gari ya kwenye kitabu tena. Kila alopita kaacha mkono wake. Sasa ukitaka kutambua kilichobadilishwa na kukirudisha, maneno ya gereji yako mengi na nusu yake yanapotosha.

"Tembeza sumaku, utajua wapi pamepigwa puti"

Kwa Corolla au Peugeot sawa. Land Rover bodi yake kubwa ni alumini, sumaku haishiki penye puti wala pasipo na puti, kwahiyo utazunguka gari nzima na kuondoka unaamini yote ni puti. Kwenye alumini gonga kwa kifundo cha kidole usikilize, bati tupu linalia, penye puti sauti inakuwa nzito na fupi. Sumaku ipeleke kwenye chuma chenyewe, yani chasisi na lile bati kubwa linalotenganisha injini na miguu ya dereva, maana huko ndo kunakooza na ndo kunakofichwa. Na chasisi usiishie kuiangalia, lala chini na nyundo ndogo uigonge yote hasa nyuma na zile mbawa zinazobeba bodi, mara nyingi utakuta mtu kachomelea bati jipya juu ya lililooza bila kukata la zamani, afu kapaka rangi nyeusi nzito. Bati la hivyo halijashika kitu, limeshika kutu.

"Taa ziko kwenye madigadi, basi hiyo ni Series III"

Hapana. Taa zilihama kutoka kwenye grili kwenda kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60, Series IIA bado inatengenezwa, na Series III imekuja 1971. Halafu grili, milango, boneti, vyote hivi vinahamishika jioni moja, we angalia dashibodi: IIA saa zake (za spidi, mafuta) ziko katikati, III ziko mbele ya dereva. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma mbele upande wa kulia karibu na springi, na kwa Series III kabla hawajaleta namba ndefu utaona inaanza na 9, mfano 901 ni 88 (ile fupi) ya petroli usukani kulia, 911 ni 109 (ile ndefu) ya petroli. Ukiwa na hiyo namba, makumbusho ya magari ya Gaydon Uingereza wanatoa cheti kwa malipo kinachoonyesha gari ilitengenezwa lini na ikapelekwa wapi. Gia boksi nayo inasema: III ina sinkro (kinachofanya gia iingie bila kukwaruza) kwenye gia zote za mbele, II na IIA ni tatu na nne tu, kwahiyo IIA inayoingia namba mbili kirahisi rahisi bila kelele ujue boksi ishabadilishwa, na hiyo mie ningeiacha hapo hapo.

"Waya zimeshachanganywa, ng'oa zote"

Hapa ndo watu wanapoteza hela na gari inakaa mwaka mzima haiwaki. Waya za Waingereza zina lugha yake na ukiijua unaona mkono wa mgeni ulipoanzia. Kahawia inatoka betri moja kwa moja, muda wote ina moto. Nyeupe inapata moto ukifungua swichi. Kijani ni ya swichi pia ila imeshapita kwenye fyuzi, zambarau imepita fyuzi lakini ina moto muda wote. Nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi ni ya bodi. Zenye mistari ndo zinataja kazi: kijani mstari wa zambarau taa ya breki, kijani mstari mwekundu indiketa ya kushoto, mstari mweupe ya kulia.

Kwahiyo ukikuta waya mwekundu mnene wa nyumbani unatoka betri unapita juu ya injini umezungushiwa tepu nyeusi iloyeyuka na unaingia kwenye koili, huo sio wa kiwanda, lakini kabla hujaukata jiulize kwanini uliwekwa, kwasababu hakuna mtu anapenda kupitisha waya juu ya injini, huenda swichi ya funguo ilikufa, au ile nyeupe ilikatika ndani ya kifungu, na ukiutoa bila kutafuta chanzo gari haiwaki na lawama unampa marehemu. Toa kichwa cha hasi cha betri, fuatilia waya mmoja mpaka mwisho wake, bandika karatasi yenye jina, piga picha, rekebisha huo, jaribu, ndo uende wa pili.

Na kabla ya yote hayo angalia kichwa gani cha betri kimefungwa kwenye bodi! Series za kabla ya kama 1967 nyingi zilitoka na chanya kwenye bodi. Zimegeuzwa nyingi sana, na kuna waliogeuza nusu: mshale wa ampia unaonyesha betri inatoa wakati inachaji, maana hakubadilisha waya za nyuma ya saa. Ukiifunga alteneta ya kisasa kwenye gari ambayo bado ni chanya kwenye bodi, daiodi zinaungua hapo hapo.

"Nchi yetu ya joto, thamostati ya nini"

Hii imeua injini nyingi. Injini yake ya lita 2.25 ina njia fupi ya maji inayorudi kwenye pampu bila kupita redieta, na thamostati yake ikifunguka ndo inaziba hiyo njia. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani, gari inachemka mlimani, na asubuhi ya baridi ya Njombe inakaa nusu saa haijapata joto lake na petroli inaosha oili kwenye silinda. Mtu aliyeitoa alikuwa na redieta imeziba, akatibu alichokiona. Kwahiyo anza na redieta kuisafisha kisha rudisha thamostati, ukifanya kinyume itachemka na utaambiwa "si tulikwambia".

"Inasimama, basi breki nzima"

Inasimama na tairi ngapi? Silinda ya tairi ikivuja na spea hakuna, kuna fundi anatia goroli kwenye kiungio cha bomba au analikunja na kulipondaponda kwa nyundo, tairi hilo linakuwa halina breki, mengine matatu yanabeba. Gari inavuta upande, mtu anakwambia alaimenti. Nyanyua tairi moja moja, mmoja akanyage mwingine azungushe, utajua. Ukikuta pedali hairudi juu na mipira imevimba ujue kuna mtu alishaweka oili ya injini badala ya mafuta ya breki, hapo usibadilishe mpira mmoja, badilisha yote na usafishe mabomba. Haya yanatangulia rangi, viti na kila kitu.

"Bolti ni bolti"

Bolti ya M8 unene wake unakaribiana sana na ya 5/16 ya Kiingereza, milimita 8 kwa 7.94, kwahiyo inaanza kuingia vizuri kabisa, mizunguko miwili, halafu inakaza. Meno hayafanani, UNF (meno madogo ya inchi) ya 5/16 ina meno 24 kwa inchi, M8 kama 20. Mwenye haraka anaongeza nguvu ya spana. Ukikuta kichwa cha namba 13 mahali pa nusu inchi, itoe polepole na uandae tepu ya kuchonga meno upya.

Springi kwa ufupi: majani ya nyongeza yaliwekwa kwa ajili ya mizigo, yatoe kama hubebi tena. Na kama gari imelalia upande, kabla ya kununua springi mpya kagua kama hazikubadilishwa pande, ya upande wa dereva kiwandani ni ngumu zaidi.

"Gari ya kweli ni ilorudishwa kila kitu kama ilivyotoka"

Mie sikubali. Alteneta badala ya dainamo, rilei za taa kubwa, mikanda, breki za njia mbili, hivi acha, vya zamani weka kwenye boksi stoo. Hata tundu la paa la watalii nisingeliziba, hiyo ndo maisha ya gari yenyewe.

Injini ndo kesi kubwa. Ukikuta dizeli ya Nissan TD27 au Toyota 3L ndani ya 109 usikimbilie kuing'oa urudishe 2.25. Kwanza angalia namba ya injini kwenye kadi, kama haifanani una kazi TRA, Kenya ni NTSA, kabla ya spana. Pili, aliyeweka dizeli mara nyingine aliweka na difu ya Range Rover, propela inazunguka mara 3.54 kwa mzunguko mmoja wa matairi badala ya 4.7. Kujua, weka mawe kwenye matairi ya mbele (handibreki ya Land Rover inashika propela, ile shafti ndefu ya kwenda nyuma, ukinyanyua tairi moja la nyuma haikuzuii kitu), nyanyua tairi moja la nyuma, gia huru, handibreki iachie, zungusha tairi mara mbili kamili na mwenzio ahesabu propela. Ikizunguka karibu mara tano kasoro kidogo ni difu yake. Ikiishia tatu na nusu, tafuta difu kwanza, la sivyo hiyo petroli uliyoirudisha utaipandisha mlima Kitonga kwa namba mbili huku malori yanakupigia honi.