Mstari ule mwekundu ni dhahabu

Ukitobolewa kidole kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, mstari mwekundu unaojitokeza baada ya robo saa hivi si wino. Kwa kawaida ni dhahabu. Chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi hazina tena ule umanjano wa pete. Huwa nyekundu, jambo ambalo Michael Faraday aliwaeleza wasikilizaji wake London tangu 1857. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000, basi kadiria mwenyewe.

Juu ya kila chembe hupachikwa kingamwili, yaani protini inayonasa kitu kimoja mahususi. Kitu hicho kikiwemo kwenye damu, chembe hukwama mstarini na rangi huonekana. Kipimo cha mimba nacho ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kihisi cha nanoteknolojia, yaani kifaa kinachogundua kitu kwa kutumia chembe ndogo namna hiyo, huenda umeshakitumia, pengine kwenye zahanati ya mtaani kwenu.

Mbona basi saratani haipimwi kirahisi hivyo? Tuchukue PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Kwa miaka mingi madaktari wameanza kushuku saratani ya tezi hiyo inapovuka nanogramu 4 katika mililita moja ya damu. Ndani ya mililita hiyohiyo kuna albumini, protini ya kawaida kabisa, nanogramu zaidi ya milioni 30, nayo hung'ang'ania popote, hata juu ya kihisi chetu. Sisi wa maabara hutumia muda mwingi kuizuia albumini kuliko kuitafuta saratani yenyewe.

Mwaka 2003 kundi la Chad Mirkin, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilipata ujanja. PSA ilibanwa katikati ya chembe mbili: moja ya sumaku, nyingine ya dhahabu iliyobeba nyuzi nyingi za DNA. Sumaku ikavuta, uchafu ukaoshwa, kisha zikapimwa zile nyuzi badala ya PSA. PSA ni mgeni mmoja, nyuzi ni msafara mzima!

Ukali huo wa kugundua hata PSA kidogo sana unafaa hasa kwa mgonjwa aliyeondolewa tezi dume, ambaye PSA yake inapaswa kukaribia sifuri. Ikianza kupanda, hata kidogo, daktari anataka kujua mapema. Kwa mwenye tezi yake bado, hausaidii sana. Tezi iliyovimba kwa umri tu hupandisha PSA, na kihisi hata kiwe kikali namna gani hakitofautishi chanzo. Kinachothibitisha saratani ni kinyama kinachochukuliwa kwenye tezi na kuangaliwa kwa hadubini. (Zile mashine za kushika fimbo ya chuma ukachapiwa magonjwa ya mwili mzima hazigusi hata tone la damu. Sijui niseme nini zaidi.)

PSA hupimwa kwa damu ya mshipani. Kabla ya kutolewa damu, mwambie mhudumu kama una maambukizi ya njia ya mkojo, umewekewa mpira wa mkojo karibuni, au umefanya tendo la ndoa ndani ya siku mbili zilizopita, maana yote hayo yanaweza kupandisha namba.