Yasemwayo kuhusu Utopia na yaliyomo kitabuni

Mwanasiasa akiahidi makubwa, wapinzani wake husema anaota utopia, yaani nchi bora isiyopo. Kijana akitamani nchi isiyo na rushwa wala njaa, huambiwa hivyohivyo. Jina limeenea kuliko kitabu kilicholizaa, ndiyo maana mengi yanayosemwa kuhusu kisiwa cha Utopia ama hayamo kitabuni kabisa, ama yamo kwa sura nyingine. Kitabu hicho, Utopia, kilichapwa mwaka 1516 mjini Leuven, kwa Kilatini, na mwandishi wake ni Thomas More, mwanasheria wa London. Ndani yake msafiri wa baharini, Raphael Hythloday, anasimulia habari za kisiwa chenye miji 54. Miji hiyo ina lugha moja na sheria zilezile, na majengo yake yanafanana kiasi kwamba ukiujua mmoja umeijua yote.

Dhana: ni nchi ya raha, watu hula na kulala tu

Ukweli: huko kila mtu hufanya kazi, muda wa saa sita kwa siku. Tatu ni kabla ya adhuhuri, kisha watu hula na kupumzika, halafu wanamalizia tatu nyingine. Wote, wanaume kwa wanawake, hujifunza kilimo tangu utotoni na hupelekwa mashambani kwa zamu ya miaka miwili. Juu ya hapo kila mmoja ana ufundi wake: kufuma, uashi, uhunzi au useremala.

Saa sita zinatoshaje? Hapa More ana hesabu ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote kitabuni. Anakuambia uwahesabu watu wa Ulaya ya wakati wake wasiozalisha kitu: makabaila, wapambe wao wanaozurura na panga viunoni, watawa, ombaomba wenye nguvu zao. Kisha uwatoe wanaofanya kazi kweli lakini wanatengeneza vitu vya anasa tu. Wanaobaki, wale wanaowalisha na kuwavisha wengine wote, ni wachache ajabu. Wagawie watu wote kazi ya hao wachache, na siku ya kazi itakuwa fupi. Ongeza na kubana matumizi: nyumba hukarabatiwa kabla hazijaanza kubomoka, nguo za kazi ni za ngozi na hudumu miaka saba, na vazi la juu ni la sufu isiyotiwa rangi, sare kisiwa kizima.

Lakini endelea kusoma. Kazi kuu ya kiongozi wa mtaa, anayechaguliwa kila mwaka na kaya 30, ni kuhakikisha hakuna anayekaa bure. Hakuna vilabu vya pombe, hakuna madanguro, hakuna kichochoro cha kukutania kwa siri. Kila mtu yuko machoni pa wenzake. Milango haifungwi, yeyote huingia, na nyumba zenyewe hubadilishwa kwa kura kila baada ya miaka 10. Ukitaka kwenda mji mwingine unaomba kibali, nacho kinataja siku ya kurudi. Ukikamatwa nje ya eneo lako bila kibali unarudishwa kama mtoro na kuadhibiwa vikali. Ukirudia, unafanywa mtumwa. Hata kutembea mashambani mwa mji wako mwenyewe kunataka ridhaa ya baba na ya mke, na huko hupewi chakula mpaka umalize kazi ya asubuhi.

Wasomaji wengi huisifu ile siku fupi ya kazi na kuyaita haya mengine kasoro ndogondogo. Mimi naona ni mpango mmoja. Hesabu ya saa sita inasimama tu ikiwa hakuna mzembe hata mmoja, na mzembe hawezi kukosekana bila jicho la jirani. Ukitaka kuchukua la kwanza, jiulize kwanza utafanya nini na la pili.

Dhana: watu wote ni sawa

Ukweli: Utopia ina watumwa, na More hakulificha jambo hilo, amelitengea sehemu yake. Wapo raia waliotenda makosa mazito. Wapo waliohukumiwa kifo katika nchi nyingine, ambao Utopia huwanunua kwa bei ya chini au huwachukua bure. Wapo mateka wa vita ambavyo Utopia yenyewe ilipigana. Na wapo maskini wa nchi nyingine waliochagua utumwa wa huko kuliko ufukara wa kwao. Hawa hutendewa vizuri zaidi na wakitaka kuondoka huachiwa. Mtoto wa mtumwa hazaliwi mtumwa, na anayeonyesha majuto huenda akasamehewa. Anayeasi huuawa kama mnyama wa mwituni.

Tazama machinjio. Wanyama huchinjwa nje ya mji, penye maji yanayotiririka, na wanaochinja na kusafisha ni watumwa. Raia hawaruhusiwi kuzoea kazi hiyo, kwa sababu inasemekana kuua kunaipunguza huruma ya mtu kidogokidogo. Basi huruma ya raia inatunzwa kwa kuitumia ya mwingine, na hakuna anayeuliza ya mtumwa inakwenda wapi. Nyama ikishasafishwa huletwa mjini, hupikwa na wanawake kwa zamu, nayo huliwa katika kumbi za pamoja ambako kazi chafu na nzito ni za watumwa tena.

Kuhusu wanawake, kitabu kinakwenda mbele kuliko zama zake: wanafanya kazi, wanajifunza, wanapewa mafunzo ya vita, na wajane wachache wenye umri mkubwa huwa makuhani. Hata hivyo mke yuko chini ya mume. Kabla ya ibada ya mwisho wa mwezi, wake hupiga magoti mbele ya waume zao, na watoto mbele ya wazazi, wakiungama makosa yao. Mume anampigia nani magoti? Kitabu hakisemi.

Dhana: wanaidharau dhahabu, tena ni watu wa amani

Dhana hizi mbili huenda pamoja, na zinabomokea mahali pamoja.

Ni kweli kwamba dhahabu hutengenezewa vyungu vya haja na minyororo ya watumwa, huku wahalifu wakivishwa hereni na mataji ya dhahabu kama alama ya aibu. Lulu ni vitu vya watoto kuchezea. Kuna kisa cha mabalozi watatu wa nchi ya Anemolia waliowasili na msafara wa watu 100, wakiwa wamevaa nguo za dhahabu, mikufu na vito kofiani. Watu wa mjini wakawasalimu kwa heshima watumishi waliovaa vibaya kuliko wote, wakidhani ndio mabwana, na mabalozi wenyewe wakawapita, maana minyororo ile walijua ni ya watumwa. Mtoto mmoja akamgusa mama yake: tazama, mama, lijitu zima bado linavaa lulu! Mama akamnyamazisha, akasema pengine huyo ni mmoja wa wachekeshaji wa mabalozi.

Wengi huishia kwenye kicheko hicho. Lakini dhahabu hiyohiyo inahifadhiwa kwa shabaha maalumu, nayo ni vita. Watu wa Utopia wanachukia kumwaga damu yao, kwa hiyo huilipia damu ya wengine. Hukodi mamluki wa taifa la Wazapoleti kwa malipo makubwa, na hawajali wangapi kati yao wanakufa. Wanaona wangeusaidia ulimwengu kama kabila lile lingetoweka. Vita ikitangazwa, hubandika kwa siri matangazo katika nchi ya adui yenye ahadi ya donge nono kwa atakayemuua mfalme wake. Na watu wakizidi kisiwani, huanzisha makoloni bara, katika ardhi wanayoiona haitumiwi na wenyeji. Wenyeji wakikataa, hupigwa vita. Pesa imeondolewa sokoni, ila nguvu yake imebaki palepale na sasa inashikwa na serikali peke yake.

Dhana: kuna uhuru kamili wa dini na maoni

Nusu kweli. Dini ni nyingi na mwanzilishi wa nchi, Utopus, aliamuru kila mtu afuate aipendayo na awavute wengine kwa hoja za upole. Kwa Ulaya ya 1516 hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila asiyeamini kwamba roho huishi baada ya kifo hapewi cheo chochote na haruhusiwi kutetea msimamo wake mbele ya watu wa kawaida. Upande wa siasa kamba ni fupi zaidi: viongozi huchaguliwa, ndiyo, lakini kujadili mambo ya umma nje ya seneti au mkutano wa hadhara ni kosa la kifo.

Dhana: More alichora nchi aliyotaka kuiona

Kuna sababu za kusitasita. Utopia inaruhusu talaka kwa baadhi ya sababu, inamruhusu mgonjwa asiye na matumaini kukatisha maisha yake, na haina mawakili. More alikuwa wakili, na Mkatoliki aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumtambua Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa kanisa la Uingereza. Alipokuwa Chansela, afisa mkuu wa mfalme, kati ya 1529 na 1532, watu kadhaa walichomwa moto kwa uzushi. Isitoshe, amejiweka mwenyewe kitabuni kama mhusika, na mwishoni mhusika huyo anasema desturi nyingi za kisiwa kile zimeonekana kwake kuwa upuuzi, kubwa kuliko zote lile la kuishi bila pesa wala mali binafsi. Kisha anakiri kuna mengi ambayo angeyatamani kwa nchi zetu, ingawa hayatarajii.

Huyo mhusika ndiye More mwenyewe, au ni kinga dhidi ya mfalme? Wasomi wanabishana mpaka leo. Lisilo na ubishi ni hasira ya sehemu ya kwanza ya kitabu, dhidi ya wenye ardhi waliozungushia ua mashamba ili wafuge kondoo, wakawafukuza wakulima, kisha sheria ikawanyonga hao wakulima walipoiba chakula. Ajabu yake ni kwamba mwandishi huyu alitangazwa mtakatifu na Kanisa Katoliki mwaka 1935, wakati jina lake lilikuwa tayari limechongwa na Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, kwenye mnara wa Moscow tangu 1918, kama mmoja wa watangulizi wa ujamaa. Kila upande ulisoma kurasa zake.

Dhana: haijawahi kujaribiwa

Ilijaribiwa mapema. Vasco de Quiroga, jaji wa Kihispania nchini Meksiko ambaye baadaye alikuwa askofu wa Michoacán, alikisoma kitabu kama mwongozo wa kazi. Mwaka 1532 alianzisha makazi ya Santa Fe karibu na Jiji la Meksiko kwa ajili ya wenyeji walioporwa kila kitu na ushindi wa Wahispania. Kulikuwa na ardhi ya pamoja, kaya kubwa za ukoo mmoja, viongozi wa kuchaguliwa, zamu za shambani na zile saa sita za kazi. Kitu kimoja hakukichukua. Mwaka 1535, mwaka uleule More aliouawa, Quiroga aliandika hoja ndefu ya kisheria akipinga amri ya kifalme iliyoruhusu tena wenyeji wa Meksiko kufanywa watumwa.