Bustani ya uani Mtwara na Lindi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mchanga wetu hauoti mboga." Neno hili utalisikia Mikindani, utalisikia Lindi mjini, na aghalabu anayelisema anaishi ukuta mmoja na mtu ambaye matembele yake yametambaa mpaka barabarani.

Mchanga unaotesha. Shida yake ni kutokushika kitu: maji yanateremka chini kabla mizizi haijanywa, na mbolea inateremka nayo. Ndiyo maana ukimwaga mbolea ya dukani yote kwa mkupuo, mvua kubwa moja inaondoka nayo. Kinachoushikisha mchanga ni mboji, yaani majani na samadi vilivyooza, na malighafi ya mboji tunaichoma wenyewe kila asubuhi. Tunafagia uwanja mpaka unang'aa, tunakusanya majani ya mwembe na mkorosho, tunawasha kiberiti. Naitrojeni inapaa na moshi. Yanayobaki ni majivu, ambayo yana potasiamu na yanapunguza uchachu wa udongo, lakini ukiyazidisha yanaharibu. Fagia barazani, sawa, nyoka hakuna anayemtaka. Ila majani yatie shimoni, tabaka kwa tabaka na samadi ya mbuzi, mwagia maji, geuza mara kwa mara. Majani ya mkorosho ni magumu, yanachukua miezi kadhaa, kwa hiyo shimo lichimbwe kiangazi. Samadi ya kuku nayo usiitie mbichi shinani kwa kudhani ukali wake ndiyo nguvu: inaunguza mizizi. Iozeshe kwanza.

"Bila bomba huwezi." Tuta la mita moja kwa tatu, siku ya jua kali, linataka kama lita 15. Hata ndoo kubwa haijajaa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaanza hesabu hiyo, mradi uyamimine shinani jioni na kulitandazia tuta nyasi kavu. Huko juu Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kutafutwa, angalia bati lako: milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 40 ni karibu lita 400. Kwa kuwa msimu wetu wa mvua ni mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, mfereji wa bati ufungwe mapema.

Halafu kuna wale wanaoahidiwa kwamba uwanja utawalisha mwaka mzima, waache kwenda dukani. Tupige hesabu. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ni sehemu moja ya mia ya hekta. Ukivuna kwa kiwango cha tani 2 kwa hekta, ambacho kwa mahindi ya mvua si haba, unapata kilo 20. Nyumba inayopika kilo mbili za unga kwa siku imezimaliza siku ya kumi. Ugali utoke shambani au dukani. Uani pakupe kitoweo. Mchicha unaanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne. Matembele ukiyakata yanachipua tena. Bamia haiogopi joto. Pembeni mwa ua panda mbaazi, upate mboga na majani yanayodondoka kurutubisha ardhi. Kabichi na karoti waachie wenye baridi yao, mimi sioni sababu ya kugombana na hali ya hewa.

Sasa salfa, dawa ya mikorosho. Kwa kuwa kila nyumba yenye mikorosho inaijua, imegeuzwa dawa ya kila kitu. Salfa inazuia ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu wa mimea. Vidukari na viwavi kwenye mchicha haiwaondoi. Kwenye matango na maboga, ikipigwa juani, inaweza kuunguza majani kabisa. Kwa vidukari, maji yenye sabuni kidogo yapulizwe chini ya majani, ndiko wanakojificha. Hatari zaidi ni viuatilifu vya maji vya mikorosho kumaliziwa kwenye mboga. Dozi yake na siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna havikupangiwa jani utakalolipika kesho. Kama tuta lako liko karibu na mikorosho, chuma mboga kabla bomba la kupulizia dawa halijawashwa.

"Nyanya ikinyauka inataka maji." Wakati mwingine kweli. Lakini ikinyauka mchana wakati udongo umelowa, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa na mizizi yake, usipande hapo nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa miaka kadhaa. Glasi ikibaki safi, kagua mizizi: ikiwa na mafundo yasiyobanduka, ni minyoo fundo, nao mchanga wanaupenda. Kwa uwanja wa namna hiyo, panda kwenye viroba, udongo utoke mahali pasipowahi kuota nyanya.

Na kuku? Inasemwa wa kienyeji hawana haja ya chanjo, na kwamba ugonjwa wa mdondo (kideri) unaletwa na upepo, dawa yake pilipili na mwarobaini. Mdondo unaletwa na virusi. Ukishaingia bandani hauna tiba, na unaweza kumaliza karibu wote. Chanjo ya matone ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikifunguliwa hakikai, hivyo kubalianeni na majirani mchanje siku moja.