Kuchonga kona kwa mkao wa bata

Wanafunzi wangu wa Kampala wanaojifunza ubao wa theluji huanzia kwenye ubao wa magurudumu, kwa kuwa barafu ya Uganda iko Rwenzori tu, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, nayo inazidi kupungua na si mahali pa kujifunzia. Wakishafika kwenye theluji ya Ulaya, huniuliza kama mkao wa bata, yaani vidole vya mguu wa mbele kuelekea mbele na vya mguu wa nyuma kuelekea nyuma, unazuia kuchonga kona, yaani kuzunguka kwa ukingo wa ubao bila kuburuza mkia. Hauzuii. Kinachozuia ni kusukuma kwa mguu wa nyuma.

Ubao wa theluji una kiuno: ni mwembamba katikati na mpana kuelekea ncha zote mbili, hivyo ukiulaza ubavu, ukingo wake wa chuma huuma theluji na kufuata mviringo ulioumbwa nao tangu kiwandani. Kazi yako ni kuulaza na kuvumilia mpaka uzunguke. Ukiusukuma kwa mguu wa nyuma, mkia hutoka njiani na kufagia. Simama utazame ulikotoka: kona iliyochongwa huacha mstari mwembamba kama wa kalamu, ilhali iliyofagiwa huacha alama pana kama ya ufagio uani.

Vifungio vinavyoshika viatu kwenye ubao huviweka hivi: cha mguu wa mbele nyuzi 15 kuelekea mbele, cha mguu wa nyuma nyuzi 6 kuelekea nyuma. Anayetaka kuchonga tu hufaidika akielekeza miguu yote miwili mbele, nami simpingi. Lakini anayetaka kuteleza hata kinyumenyume asiache mkao wa bata.

Kona ya upande wa vidole, yaani kwa ukingo ulio chini ya vidole, ni nyepesi: kunja magoti, kandamiza ulimi wa viatu kwa miundi, sogeza nyonga juu ya ukingo, wala usiinamie theluji kwa kiuno.

Upande wa visigino ndio unaodai subira. Mwanafunzi akigeuza kifua kutazama bondeni, goti lake la nyuma huanguka ndani kulifuata la mbele, nusu ya nyuma ya ubao hulala bapa, na mkia huanza kutetema. Mwambie aketi kana kwamba chini yake pana kigoda, mgongo ukiwa umenyooka, avute vidole juu ndani ya viatu, na goti la nyuma alisukume nje hadi lisimame juu ya kidole kidogo cha mguu. Macho yatangulie kwenye kona, mabega yabaki sambamba na ubao.

Zoezi hili tunalifanya alfajiri kwenye mteremko wa lami, kabla bodaboda hazijaamka. Namwaga maji ya dumu juu kabisa, kijana anapita juu yake, na magurudumu yanachora njia yake kwenye lami kavu. Mstari ukivunjika katikati ya kona, anapanda tena, na safari hii namtazama goti la nyuma peke yake.