Je, wajua kwa nini robo dola ya 1964 ina thamani kuliko ya 1965?

Kwa sura hutazitofautisha: George Washington upande mmoja, tai upande wa pili. Zigeuze utazame ubavu. Ya 1964 ni nyeupe yote. Ya 1965 ina mstari mwekundu wa shaba uliobanwa katikati. Ya kwanza ni asilimia 90 madini ya fedha, ya pili haina fedha kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Marekani, hasa vya filamu za kamera, vilitumia fedha nyingi kuliko iliyochimbwa. Bei ilipofika dola 1.29 kwa aunsi, Hazina ilianza kuuza akiba yake ili isipande zaidi. Hatari ilikuwa hii: ikifika kama dola 1.38, fedha iliyomo ndani ya robo dola ingelingana na thamani iliyoandikwa juu yake. Ikipita hapo, kuiyeyusha kungelipa kuliko kuitumia.

Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuondoa fedha kwenye senti 10 na robo dola. Aliwahakikishia wananchi kwamba hakuna faida ya kuzificha sarafu za zamani. Hawakumsikiliza. Nani angelipa kwa fedha halisi wakati ya shaba inanunua mkate uleule? Ndani ya miaka michache zile za fedha zilikuwa zimeadimika madukani.

Hata hivyo, robo dola za 1964 zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo bei yake kwa kawaida ni ya madini tu. Mkusanyaji makini huangalia pengine, na mimi ningeanzia nusu dola ya Benjamin Franklin, iliyotoka 1948 hadi 1963. Nyuma yake kuna Kengele ya Uhuru, na kwenye sehemu ya chini ya kengele yenyewe kuna mistari myembamba ya mlalo. Ikionekana yote bila kukatika, sarafu hiyo hupanda bei sana, kwani nyingi ziligongwa kwa nguvu ndogo au kwa muhuri uliochakaa. Na tafadhali usiing'arishe! Kuisugua huondoa mng'ao wa asili, na haurudi.

Mwenye mfuko mdogo atafute senti 5 za vita, za 1942 hadi 1945. Nikeli ilihitajika jeshini, ikawekwa fedha asilimia 35. Utazitambua kwa herufi kubwa, P, D au S, juu ya kuba la Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson iliyochorwa nyuma ya sarafu.