Uwinga wa mtandaoni: hesabu za kuuza bila stoo na bila mtaji

Vijana wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa biashara hapa Arusha hawaulizi tena namna ya kupata fremu. Kodi ya fremu Barabara ya Sokoine wanaijua, na kuambiwa walipe miezi sita kwa mkupuo kumeshawakatisha tamaa. Wanaulizia dropushipingi. Unafungua ukurasa, unaweka picha ya bidhaa usiyokuwa nayo, mteja anaagiza, wewe unampigia mwenye mali, naye anaituma moja kwa moja kwa mteja. Tofauti ya bei inabaki kwako. Wanachotaka kujua ni kama hayo yanawezekana bila hela.

Yanawezekana, ila kwa njia moja nyembamba, na njia hiyo haifanani na inayoonyeshwa kwenye video nyingi.

Tuanze na tunachokijua. Yule anayesimama kwenye kona ya Kariakoo, akakuuliza unatafuta nini, akakupeleka duka la ghorofa ya tatu na kuweka cha juu chake, anafanya kazi hiyohiyo. Winga hana stoo, hana meza, wala jina lake halipo kwenye leseni ya duka lile. Anajua mzigo uko wapi, bei ya jumla ni ngapi, na mteja anataka nini. Mtandao umemwongezea wateja wasiopita pale kwenye kona. Ukielewa hivyo utajua pa kuanzia, kwa sababu winga hauzi mali ya duka asilolijua.

Video nyingi zinafundisha jambo jingine. Zinamfundisha mtu wa Marekani au Ulaya afungue duka kwenye Shopify, kampuni ya Kanada iliyoanza 2006, achukue bidhaa kutoka AliExpress, soko la kampuni ya Alibaba lililofunguliwa 2010, kisha amwuzie Mmarekani mwenzake. Anayefuata maelekezo hayo akiwa Sakina ya Arusha au Pasua ya Moshi anakwama haraka. Duka lenyewe hulipiwa kwa dola kila mwezi. Stripe, kampuni ya kupokelea malipo ya kadi mtandaoni, haijafungua huduma kwa wafanyabiashara wa Tanzania, na malipo ya Shopify yenyewe pia hayapo hapa, kwa hiyo hata mteja akitokea, kupokea hela yake ni kazi nyingine. Juu ya hapo kuna matangazo ya kulipia, ambayo ndiyo mtaji halisi wa biashara ile ingawa anayefundisha huyataja mwishoni kabisa.

Nyingi ya video hizo zimeshapitwa na wakati pia. Marekani ilikuwa ikiruhusu vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na faida ya wauzaji wengi ilitegemea upenyo huo. Mwezi Mei 2025 ulizibwa kwa bidhaa za China, na kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 ukazibwa kwa nchi zote. Anayekuuzia kozi leo huenda anakufundisha hesabu za 2022.

Kuagiza China kwa ajili ya wateja wa hapahapa kunawezekana, na wako wanaofanya vizuri, lakini hao hukusanya oda nyingi na kuziunganisha kwenye mzigo mmoja wa wakala, wa anga au wa meli. Kifurushi kimojakimoja ni mtihani. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, baadhi ni 35 tangu Julai 2022, na VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake. Mzigo ukiwa kwa jina la mteja, yeye ndiye atakayeambiwa alipe. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yapo hapahapa Arusha, kwenye lile jengo refu lililozinduliwa 2023, lakini hilo halitamtuliza mteja wa Njiro aliyedhani ameshalipa kila kitu.

Kwa hiyo kwa asiye na kitu, ushauri wetu ni mmoja: aanze na duka analoweza kulifikia kwa miguu. Sababu zimo kwenye hesabu, na hapa tutakaa kidogo.

Tuseme umepata hotpoti Kariakoo kwa shilingi 38,000, ukaitangaza Arusha kwa 52,000. Cha juu ni 14,000, na wengi huishia hapo wakashangilia. Basi la kutoka Dar linachukua 5,000 ya mzigo. Bodaboda kutoka stendi hadi kwa mteja ni 3,000. Makato ya kutuma hela, tuseme 1,000. Bando lako la siku, 1,000 nyingine. Hotpoti imeshakugharimu 48,000 na umebaki na 4,000. Si mbaya, ukiuza kumi una 40,000.

Sasa mteja wa kumi anafungua mlango, anasema rangi aliyoiona kwenye picha siyo hii, anarudi ndani. Bodaboda anadai nauli ya kurudi, 3,000. Duka la Kariakoo limeandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Umepoteza 51,000 kwa oda moja, na zile tisa zilizofanikiwa zimekupa 36,000. Umefanya kazi wiki nzima, una hasara ya 15,000 na hotpoti moja chini ya kitanda.

Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Utakachokuta ni kwamba oda moja iliyokataliwa hula faida ya oda nyingi zilizopokewa, na kadiri mzigo unavyotoka mbali ndivyo inavyokula zaidi. Kuna swali jingine pia ambalo mfano umelificha: ile 48,000 ya kutanguliza ilitoka wapi? Mteja akilipa baada ya kupokea mzigo, wewe ndiye uliyetanguliza, kwa hiyo ulikuwa na mtaji. Mteja akitanguliza yote, biashara inaendeshwa kwa hela yake, na watu wa huku wameshatapeliwa vya kutosha kiasi kwamba wachache watakubali kwa ukurasa ulioanza juzi.

Rudi sasa kwenye duka la mjini kwako. Hotpoti ileile iko karibu na Soko Kuu, au Mbuyuni kama uko Moshi, tuseme kwa 43,000. Ni ghali kuliko Kariakoo, lakini hakuna nauli ya basi, na mwenye duka akikufahamu anaweza kukupa kwa mali kauli: bodaboda anachukua mzigo asubuhi, mteja anakagua na kulipa mlangoni, jioni hela ya duka inarudi dukani au hotpoti inarudi kwenye rafu. Oda ikikataliwa umepoteza nauli ya bodaboda tu. Ukiiuza kwa 50,000 unabaki na kama 3,000 baada ya gharama. Ni kidogo, lakini hiyo ndiyo namna pekee tuliyoiona ambayo neno “bila mtaji” linasimama bila kuongezewa maneno.

Mali kauli haiombwi siku ya kwanza. Wanaoipata huanza kwa kumletea mwenye duka wateja kwa wiki kadhaa wakinunua taslimu, hata kwa cha juu cha 1,000. Nenda kwa utaratibu: mwombe ruhusa ya kupiga picha mwenyewe, ndani ya duka, ukiwa umeishika bidhaa mkononi ili ukubwa wake uonekane. Picha hiyo ina mwanga mbaya lakini inauza kuliko ya kupakua, kwa sababu mteja anajua kitu kipo. Mpatane pia kwa maandishi, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu, bei yako ni ngapi, oda inawekwa pembeni kwa saa ngapi kabla hajamwuzia mwingine, na kitu kikiwa na kasoro nani anabeba.

Mawinga wengi huogopa kuzungukwa, yaani mteja aende dukani moja kwa moja. Atakwenda, baadhi yao. Kuficha jina la duka hakusaidii sana katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu. Mteja anayerudi kwako ni yule asiyetaka kushuka mjini, ambaye ulimwambia ukweli kwamba ile ya buluu ina mfuniko mlegevu, achukue nyekundu.

Chagua bidhaa ambayo duka linayo nyingi za aina moja. Hili linawaponza wanaoanza na mitumba ya masoko ya Moshi kama Memorial au Kiboriloni. Ni mali nzuri, lakini kila kipande ni kimoja tu, na mteja akisema “naitaka” saa tatu usiku, asubuhi unakuta imeshaondoka. Mitumba inamfaa aliyeinunua kwanza. Nguo na viatu vya namba navyo vinarudishwa sana. Vyombo, mashuka, mablanketi, taa za chaji, mabegi ya shule, hivi havina ugomvi wa saizi. Kisha angalia kalenda: mabegi mwishoni mwa Desemba na Januari, mablanketi kabla ya baridi ya Juni. Kwa Moshi, Desemba peke yake ni msimu, maana watu wanapanda kutoka Dar kuja nyumbani Krismasi, na aliyeko Dar anafurahi kumlipia mama yake wa Kibosho au Marangu seti ya vyombo ifike kabla yake. Huyo hulipa mbele bila kusumbua, kwa kuwa anayepokea mzigo ni mama, na mama atampigia.

Siku mteja anapokulipa mbele, hela iliyoingia kwenye simu yako bado ni yake mpaka mzigo umfikie. Biashara nyingi za aina hii tulizoziona zikifa zilifia hapo: hela ya oda ya leo ikanunua mzigo wa oda ya juzi, ya juzi ikawa imekula kodi ya chumba. Tafuta laini ya pili au akaunti ya pili, hela za oda zikae huko, na uhamishe cha juu tu, tena baada ya mteja kuthibitisha amepokea. Siku mwenye duka akisema mzigo umeisha, rudisha hela siku hiyohiyo pamoja na makato. Usimwambie “subiri kidogo naangalia kwingine” bila ridhaa yake.

Hatukushauri ukope kwa ajili ya hili, hasa mikopo ya simu ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Na anayekutaka ulipe ili uunganishwe kwenye kundi la wauzaji wa jumla anakuuzia namba ambazo zimebandikwa kwenye mabango ya maduka yenyewe.

Kuhusu serikali. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na TRA bila malipo. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, na leseni utaipata Halmashauri ya Jiji au Manispaa. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato chini ya mfumo wa makadirio. Winga aangalie vizuri hapa: kinachohesabiwa ni mauzo. Hotpoti 77 za shilingi 50,000 na kitu zinaweza kukuvusha milioni 4 huku mfukoni mwako hujaona hata laki nne. Ndiyo maana tunasisitiza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke kwa mwenye duka, makubaliano yenu yaonyeshe kwamba wewe ni wakala wa kamisheni, na daftari liwepo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aeleze bidhaa na bei yake kwa ukamilifu. “Bei njoo inbox” haiendi na sheria hiyo, na kusema kweli inafukuza wateja. Bei iwe kwa shilingi. Wenzetu wa Arusha tuliozoea watalii tukumbuke kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutangaza bei za ndani kwa dola. Namba na anwani za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo usizigawe wala kuziuza.

Vipo vitu vya kutogusa: dawa na vifaa tiba bila kibali cha TMDA, mamlaka inayovisimamia, vipodozi ambavyo shirika la viwango, TBS, halijavitambua, hasa vya kung'arisha ngozi, na viatu au simu zenye chapa za kughushi, ambazo Tume ya Ushindani huzikamata. Kutokuwa na stoo si utetezi, kwa kuwa tangazo lina jina lako. Tanzanite inahitaji leseni ya madini. Kila mwezi yupo anayeuliza.

Anayetaka tumpitishie hesabu zake aje na daftari lenye oda zisizopungua kumi, zile zilizokataliwa zikiwemo, na bei aliyopewa na duka kwa maandishi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi Arusha na Moshi, na kwa anayefikiria kuhama kutoka kuuza hotpoti za wengine kwenda kutengeneza bidhaa yake, aanzie kwao.